Binti, Cheti na Kazi ya Haraka

Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Umma Namba 959. Ilikuwa sheria fupi. Iliiruhusu serikali kutumia hadi dola milioni 3.5 kwa mwaka kuwafundisha ufundi Wamarekani wa asili wenye umri wa miaka 18 hadi 35, waliokuwa wakiishi ndani au kando ya maeneo yaliyotengewa makabila yao. Mafunzo yasizidi miezi 24. Kwa wengi, kukubali mafunzo hayo kulimaanisha kuhama: uache ndugu, uache ardhi, upande basi kwenda mjini. Mwaka uliofuata ofisi ya uhamisho ikafunguliwa Dallas. Waliofika walipokewa na afisa, wakatafutiwa chumba, wakapewa posho ya kusogeza siku hadi mshahara wa kwanza. Wavulana walielekezwa zaidi kwenye kuchomelea vyuma na ufundi wa magari. Wasichana walipelekwa kwenye taipu, saluni na kazi ya kusaidia wagonjwa.

Leo, katika jiji hilohilo, ukipita mtaa wa Vickery Meadow utasikia Kiswahili kwenye ngazi za maghorofa. Ni Kiswahili cha Kivu na Katanga, cha kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, cha kambi ya Kakuma kule Kenya. Kinasikika pia Fort Worth, na kusini-magharibi mwa Houston, kwenye mitaa ya Gulfton na Sharpstown. Wasichana wanaokizungumza nao wamepokewa na afisa, wakatafutiwa nyumba, wakapewa posho ya muda. Nao wanaelekezwa kwenye saluni, cherehani na kazi ya kusaidia wagonjwa.

Habari hizi mbili husimuliwa mbalimbali. Nyingine huwekwa kwenye historia ya Marekani, nyingine kwenye taarifa za wakimbizi. Naziweka pamoja kwa sababu swali lake ni moja: binti wa jamii iliyosukumwa pembeni anapopewa ufundi, nani amemchagulia ufundi huo, na baada ya cheti cha kwanza kuna nini?

Mzizi wa jambo hili uko Virginia, kwenye chuo cha Hampton, kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani. Msingi wake ulikuwa elimu ya mikono: useremala na kilimo kwa wavulana, kushona, kufua na kupika kwa wasichana. Mwaka 1878 Hampton ilianza kupokea vijana wa makabila ya asili, walioletwa na afisa wa jeshi Richard Henry Pratt. Mwaka mmoja baadaye Pratt akafungua shule yake ya bweni huko Carlisle, Pennsylvania, na mtindo ukaenea nchi nzima. Msichana wa Carlisle alisoma nusu siku na kufanya kazi nusu siku, kisha akapelekwa kwenye nyumba za Wazungu kuwa mtumishi, na huko kukaitwa mafunzo. Ripoti ya Meriam ya mwaka 1928, iliyochunguza hali ya Wamarekani wa asili kwa niaba ya serikali, ilisema wazi kwamba shule hizo zilijiendesha kwa jasho la watoto, na kwamba ufundi mwingi waliofundishwa haukuwa na soko huko nje.

Mtindo huohuo ukavuka bahari. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ambaye alikuwa amefundisha Hampton. Pamoja naye alikuwapo James Aggrey kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo, ambaye hotuba zake zilikumbukwa na wazee kwa miaka mingi. Tume ilipendekeza kwa Waafrika elimu iliyofanana na ile ya Hampton, na mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, Kenya. Kwa wasichana maana yake ilikuwa usafi wa nyumba, kulea, kushona. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji nao waliwafundisha kina mama wa mijini kupika, kupiga pasi na kudarizi. Kwa hiyo bibi wa binti anayesoma Dallas leo, kama aliwahi kuingia darasani, yumkini alikalishwa mbele ya kitambaa na sindano kwa fikra iliyozaliwa Marekani. Mjukuu amevuka bahari akakuta sindano ileile inamsubiri. Sidharau sindano. Ninachouliza ni kwa nini katika miaka mia moja imekuwa jibu la kwanza kwa kila msichana ambaye wakubwa hawajui wamfanyie nini.

Ni lazima tuseme pia ni mabinti gani hawa, maana neno mkimbizi hufunika mengi. Wapo Wakongo waliozaliwa kambini, ambao Kongo wanaijua kwa masimulizi tu. Wapo Warundi wa kizazi cha mwaka 1972, ambao Marekani ilipokea maelfu yao kutoka Tanzania kuanzia mwishoni mwa mwongo wa 2000. Na wapo Wasomali Wabantu, ambao pengine ndio walio pembezoni kuliko wote. Mababu zao, Wazigua, Wayao na Wamakua, walichukuliwa kutoka pwani na bara ya Tanzania na Msumbiji katika karne ya 19, wakauzwa Somalia. Walikaa bonde la Juba vizazi kadhaa wakidharauliwa kwa nywele zao na asili yao, wakinyimwa shule na baadaye ardhi. Vita vya 1991 vikawafukuza hadi kambi za Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea kama kundi, mwaka 2002 wakahamishiwa Kakuma kwa mahojiano, na kuanzia 2003 takribani 12,000 kati yao wakatawanywa katika miji mingi, Dallas na Houston zikiwemo. Mama wengi katika kundi hilo walishika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, kwenye madarasa ya kambini.

Mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi umejengwa juu ya haraka. Shirika linalompokea mgeni lina siku 90 za kumsaidia kwa karibu. Msaada wa fedha kwa watu wazima wasio na watoto ulidumu miezi minane kwa miaka mingi, ukaongezwa hadi 12, kisha Mei 2025 ukakatwa hadi minne. Mwanafunzi wa chuo wa muda wote kwa kawaida hastahili msaada huo, isipokuwa masomo yameingizwa kwenye mpango wake wa kupata kazi. Binti aliyefika ana miaka 18 au 19 huhesabiwa mtu mzima, na hesabu ya kodi ya nyumba inamhusu. Ndiyo maana wengi wao, kabla hawajajua hata jina la chuo cha karibu, wanatandika vitanda vya hoteli au wanapanga bidhaa kwenye maghala yanayozunguka uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth. Watanzania wa ughaibuni huita hivyo kubeba maboksi, na si jambo la aibu. Ubaya ni kwamba zamu ya ghala haimwachii mtu nguvu ya darasa la jioni, na mwaka wa kwanza hupita, wa pili ukafuata.

Kwa aliyefika akiwa mdogo zaidi, mlango ni mpana. Texas humruhusu kijana asiyetimiza miaka 21 kusoma sekondari ya umma bure, na wilaya ya shule ikitaka inaweza kumpokea hadi 26. Tangu sheria ya mwaka 2013, mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza huchagua mwelekeo, na ndani yake kuna masomo ya ufundi ya aina nyingi: afya, umeme, upishi, kompyuta, magari. Sheria nyingine ya mwaka 2023 iliwawezesha wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo kuchukua masomo ya chuo bila ada wakiwa bado sekondari. Kwenye karatasi, ni vigumu kupata sehemu iliyomwandalia binti maskini mengi kuliko haya.

Shida ni kwamba mwelekeo huchaguliwa mwanzo wa safari, na binti wetu huingia katikati. Kafika ana miaka 17, vyeti vyake vya shule ya kambini havitambuliki au vilipotea, na Kiingereza chake ni cha salamu. Shule humjazia ratiba masomo ya lazima ili aweze kuhitimu kabla umri haujamtupa nje. Masomo ya ufundi yenye thamani huhitaji miaka miwili au mitatu mfululizo, na yana nafasi chache zinazowaniwa na wanafunzi ambao wazazi wao wanajua kuandika barua pepe kwa mshauri wa shule. Anayebaki hupangiwa somo lolote lenye kiti kitupu. Hakuna aliyemnyima, wala hakuna aliyemwuliza.

Kazi ya afya inastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiyo ambayo jamii zetu za Texas zimeishika. Karibu kila familia ya Kikenya au Kitanzania hapa ina mtu aliyepitia CNA, yaani usaidizi wa wauguzi. Texas inataka saa 100 za mafunzo, 60 za darasani na 40 za kuhudumia watu, kisha mtihani wa maandishi na wa vitendo. Kwenye chumba cha mazoezi kuna kitanda cha hospitali na mdoli wa ukubwa wa mtu. Mtahiniwa hunawa mikono mbele ya msimamizi, vidole vikielekea chini, angalau sekunde 20, kisha hufunga bomba kwa karatasi ili asiushike tena uchafu. Hujitambulisha kwa mgonjwa, huvuta pazia, hufunga breki za kiti cha magurudumu kabla ya kumwinua mtu kwa mkanda wa kiunoni. Akisahau breki, ameanguka mtihani. Kuna binti ambaye tangu ana miaka tisa amekuwa akimgeuza bibi yake kitandani kule Nyarugusu ili asipate vidonda. Mikono yake inajua. Kinachomwangusha ni kwamba hana jina la Kiingereza la kitendo anachokijua, na msimamizi anapima kwa maagizo yaliyoandikwa.

Wengi hufaulu hata hivyo, na kazi hupatikana upesi. Hapo ndipo penye mtego. Mwaka 2023 msaidizi wa wauguzi wa kipato cha katikati nchini Marekani alilipwa dola 38,200 kwa mwaka. Muuguzi wa leseni ya daraja la kati alilipwa dola 59,730, na muuguzi kamili dola 86,070. Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna anatomia, hesabu, mtihani wa kuingilia na miaka kadhaa ya shule. Houston ina chuo kizima cha umma kwa kazi hizo, Coleman, ndani kabisa ya eneo la mahospitali la Texas Medical Center. Huko kaskazini mwa jiji, wilaya ya shule ya Aldine na hospitali za Memorial Hermann zilitangaza mwaka 2024 sekondari ya masomo ya afya, inayokusudia kumtoa mwanafunzi darasani na kumwingiza moja kwa moja hospitalini. Kwa maoni yangu huu ndio mfano unaofaa kuigwa, kwa sababu hatua ya pili imepangwa kabla ya ile ya kwanza kuanza. Kozi ya wiki chache inayomwacha binti na cheti na zamu ya usiku, bila mtu wa kumwambia cha kufanya mwaka unaofuata, inampa mshahara leo na kumfunga palepale kwa miaka kumi.

Nywele zina kisa chao, na hiki ni cha Dallas kabisa. Mwaka 1997 polisi walivamia saluni ya Isis Brantley, mwanamke Mweusi aliyekuwa akisuka nywele kwa mtindo wa asili ya Afrika, wakamtia pingu kwa kusuka bila leseni ya urembo. Hakutumia dawa wala mkasi. Alisuka kwa vidole, kama ambavyo mama husuka mwanawe barazani Jumapili jioni. Miaka kumi baadaye jimbo likatunga leseni ya pekee ya kusuka, ya saa 35. Lakini Brantley alipotaka kuwafundisha wengine, akaambiwa mahali pake pawe na sifa za chuo cha vinyozi: futi za mraba 2,000, viti kumi vya kulaza mteja, na masinki. Masinki ya nini, wakati msusi haoshi nywele? Alikwenda mahakamani. Januari 2015 jaji wa shirikisho Sam Sparks alisema masharti hayo yanavunja katiba, na Juni mwaka huohuo gavana Greg Abbott akatia saini sheria iliyoondoa kabisa leseni ya kusuka.

Kwa binti wa Kizigua au wa Bukavu, ushindi ule una uzito mkubwa kuliko kozi nyingi. Ulitambua ufundi alioshuka nao kwenye ndege. Anaweza kukaa kwenye kiti chake na kusuka rasta kwa malipo bila kumwogopa mtu. Akitaka kukata nywele au kutumia dawa, ndipo anapohitaji leseni, ambayo Texas inaidai saa 1,000 za mafunzo. Kinachokosekana ni kile cha katikati: namna ya kuweka hesabu, kulipa kodi, kukodi kiti kwenye saluni, kumtoza hata shangazi yako bei kamili. Ususi mwingi wa mabinti wetu bado ni wa sebuleni, wa kulipwa kwa asante au kwa bei ya undugu. Mashirika yanayofundisha biashara ndogondogo yangefanya vyema kuanzia hapa kabla ya kununua cherehani.

Cherehani zenyewe hazijakosa wema. Vickery Meadow palianzishwa Vickery Trading Company, iliyowafundisha wanawake wakimbizi kushona nguo za watoto kwa ujira. Houston palianzishwa The Community Cloth, iliyowawezesha kina mama kutoka nchi mbalimbali kuuza kazi za mikono yao. Kwa mama mwenye watoto wadogo, asiyejua kusoma, kazi ambayo anaweza kuifanya akiwa karibu na nyumbani ni heri kubwa. Lakini cha mama si lazima kiwe cha binti. Msichana wa miaka 17 ana miaka 50 ya kazi mbele yake, na nguo nyingi za Marekani hazishonwi tena Marekani.

Tabia hiyo ya kumkimbilizia sindano msichana wa pembezoni inavuka makabila na mabara. Houston kuna tawi la Ekal Vidyalaya, shirika linaloendesha shule za mwalimu mmoja katika vijiji vya makabila ya India, kazi iliyoanzia Jharkhand. Wahindi wa Houston na Dallas huchangisha fedha nyingi kwa ajili yake, na kushona ni sehemu ya ufundi unaofundishwa huko. Waafrika Mashariki wa Texas nao hufanya harambee zao kwa ajili ya wasichana wa Kimaasai, Kisamburu au Kigabra. Mchangiaji hupenda kuona picha ya binti mbele ya mashine mpya. Ni nadra kuombwa fedha za kumlipia nauli ya miaka minne ya ufundi wa umeme.

Na umeme unalipa. Mwaka huohuo wa 2023 fundi umeme wa kipato cha katikati nchini alipata dola 61,590, na njia ya kufika huko ni uanagenzi: mtu hulipwa huku akijifunza, mpaka atimize saa 8,000 za kazi ndipo apewe leseni ya fundi kamili Texas. Upande wa mashariki wa Houston, chuo cha San Jacinto kilifungua mwaka 2019 kituo cha kufundisha mafundi wa viwanda vya mafuta na kemikali, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa eneo lile. Wasichana wetu hawaonekani sana huko. Wazazi wanaogopa, na nawaelewa: binti peke yake kati ya wanaume, zamu za alfajiri, helmeti badala ya mtandio. Woga huo unazungumzika, na mtandio huvaliwa chini ya helmeti. Inahitajika mama mmoja aliyekwisha kupita njia hiyo aje kanisani au msikitini kuwaeleza wenzake.

Usafiri nao huamua mengi kuliko vipaji. Arlington, mji wa watu karibu 400,000 ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya kawaida ya umma. Una magari madogo ya kuitwa kwa simu, yaliyoanza mwaka 2017. Msichana asiye na gari hawezi kuwa karakana saa kumi na mbili asubuhi. Leseni ya udereva, kwa Texas, ni cheti cha ufundi kabla ya vyeti vyote, na bado kozi nyingi haziihesabu kama sehemu ya mafunzo.

Nyumbani pia kuna mambo yasiyoingia kwenye fomu. Dada mkubwa ndiye mkalimani wa baba hospitalini, ndiye anayepokea watoto kwenye basi la shule, ndiye anayepika mama akiwa zamu. Posa huja mapema. Mwaka 2017 Texas ilizuia ndoa za walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa wachache wa miaka 16 na 17 ambao mahakama imewapa hadhi ya watu wazima, lakini ndoa ya kidini isiyoandikishwa haipiti kwa karani. Mafunzo yanayofaulu ni yale yanayokwenda kwa mzazi kwanza, kwa lugha yake na kwa adabu ya kwetu, yakimweleza mzee wa nyumba kwamba miaka mitatu ya subira italeta mshahara mara mbili. Kumtorosha binti kutoka kwa watu wake ndicho walichojaribu Carlisle.

Hapa kisa cha Wamarekani wa asili kina jambo la kutufundisha. Waliohamishiwa Dallas hawakubaki kupokea tu. Mwaka 1971 walijiundia kituo chao, ambacho baadaye kiliitwa Urban Inter-Tribal Center of Texas, chenye zahanati na, kwa miaka mingi, huduma za kazi na mafunzo. Peggy Larney, mwanamke wa kabila la Choctaw, aliongoza mpango wa elimu ya wanafunzi wa makabila ya asili katika shule za umma za Dallas. Mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Houston, karibu na Livingston, kabila la Alabama-Coushatta lilirudishiwa utambuzi wa serikali kuu mwaka 1987. Mwaka 2016 likafungua ukumbi wake wa michezo ya bahati, Naskila, jimbo likaupinga mahakamani, hadi Mahakama ya Juu ya nchi ilipoamua mwaka 2022, katika kesi ya kabila jingine la Texas, kwa namna iliyounusuru. Unaweza kuwa na shaka na kamari, kama niliyo nayo mimi. Lakini kabila lenye mapato yake na baraza lake lina uwezo wa kujiamulia ni mabinti gani lisomeshe na wasomee nini, bila kusubiri orodha ya afisa.

Jamii za Waswahili wa Texas hazina chombo cha aina hiyo, na muda umebadilika. Mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi 100,000, Wakongo wakiwa wa kwanza kwa idadi. Januari 2025 mlango ukafungwa. Wasichana waliopo ndio waliopo, na wengine si wageni tena: binti wa Kizigua aliyezaliwa Dallas ni raia, hahusiki na ofisi yoyote ya wakimbizi, na kwenye takwimu za shule ameandikwa Mweusi, basi. Mwanafunzi wa kabila la asili ana fomu ya serikali kuu inayolitaja kabila lake, na kwa idadi ya fomu hizo wilaya ya shule hupata fedha za kumsaidia. Binti wa Kizigua hana fomu. Akiacha shule mwaka wa tatu, hakuna jedwali litakaloonyesha kwamba dada zake watatu na binamu zake waliacha mwaka uleule. Wazazi wa Vickery Meadow na Gulfton wanaweza kuanza na daftari lao wenyewe: jina la binti, shule, somo la ufundi aliloandikishwa, na anachokusudia kusomea baada ya cheti cha kwanza. Daftari hilo walipeleke kwenye kikao cha bodi ya shule, ambacho ni cha wazi na ambako mzazi yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema.